UZI: Mistari naiona, maneno hakuna. FT8 imenishinda hapa Lubumbashi

Katuba_KH38 (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Siku ya tatu leo silali vizuri kwa sababu ya kitu kidogo, hii FT8 (jumbe fupi za redio ambazo kompyuta inazisoma kwa sauti zake), nikaona nilete hapa kabla sijatupa kila kitu jalalani.

Nina kompyuta ya mitumba ya Windows 10, kijiti cha RTL-SDR V3 (redio ndogo ya kupokea inayochomekwa kwenye kompyuta) alichoniletea binamu yangu, na waya wa mita 12 unaotoka dirishani kwangu hadi kwenye mwembe wa jirani. Programu ya redio ni SDR++, sauti inapita kwenye VB-Cable (kebo ya kuigiza kati ya programu mbili), inaingia WSJT-X, programu inayosoma FT8. Masafa megahezi 14.074. Mistari naiona! Ile picha ya rangi inayoteremka (mimi naiita maporomoko) imejaa vijistari vya manjano vinavyoanza pamoja na kukoma pamoja. Nikiweka spika nasikia ile sauti yao, kama watu kumi wanapuliza filimbi ndani ya maji.

Lakini dirisha la kushoto, lile la maneno, ni jeupe. Hakuna hata herufi moja. Nimefuta programu na kuiweka upya mara mbili. Sasa kuna mtu sokoni ananiuzia waya wa shaba mita 40, naona shida ni antena fupi. Nichukue?

FundiRuashi

Mdogo wangu, acha hela mfukoni. Mistari ukiiona kwa macho, antena imekwisha fanya kazi yake. Programu inasoma vitu ambavyo jicho lako halivioni kabisa, sembuse vile unavyoviona vimekolea manjano. Ukiona mistari na husomi, ugonjwa uko ndani ya nyumba, hauko juu ya mti.

Nijibu haya: kwenye SDR++ uko USB (namna ya kupokea sauti, si ile ya kebo) au AM? Kile kipimo cha kijani upande wa kushoto chini kwenye WSJT-X kinasimama kwenye ngapi? Kitufe cha Monitor kimewaka? Kijiti umekiweka kwenye direct sampling, tawi la Q? V3 chini ya megahezi 24 bila hiyo inakudanganya tu, unaona vivuli vya masafa mengine.

Katuba_KH38

Aksanti yaya. USB ndiyo. Tawi la Q ndiyo. Monitor imewaka. Kipimo kilikuwa 85 na chekundu, nimeshusha sauti ya SDR++ sasa kiko 30 na kijani. Bado jeupe.

DadaPolytech

Na saa?

Katuba_KH38

Saa iko sawa, nimelinganisha na simu.

DadaPolytech

Umelinganisha dakika au sekunde? Kaka, kwa FT8 neno "sawa" lina vipimo vyake. Kila mzunguko ni sekunde 15, unaanza kwenye sekunde 00, 15, 30 na 45, dunia nzima kwa pamoja. Anayetuma anatumia sekunde 12.64, zinazobaki ni za kupumua na kusimbua, yaani kugeuza sauti kuwa maneno. Programu yako inakata sauti vipande vya sekunde 15 kwa kufuata saa ya kompyuta, kisha inatafuta mwanzo wa ujumbe karibu na mwanzo wa kipande. Ikipishana zaidi ya sekunde mbili na nusu hivi, haitafuti tena. Haitakuandikia kosa wala onyo. Inanyamaza tu.

Fungua saa ya kompyuta yenye sekunde, weka simu pembeni, tazama zote mbili zikivuka dakika. Uniambie.

Katuba_KH38

Mama yangu.

Sekunde nne na kitu. Kompyuta iko nyuma ya simu. Nimekumbuka: hii mashine betri yake ilishakufa zamani, na ile betri ndogo ya saa ndani sidhani kama ilishawahi kubadilishwa. Kila delestaji (mgao wa umeme) ikikata kuran, inazima ghafla. Ikirudi, saa inarudi na uongo wake, mimi naiweka kwa mkono kwa kukadiria.

Nimeunganisha intaneti ya simu, nimefungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika w32tm /resync. Nikangoja sekunde 00...

Mistari sita. SITA. Wa kwanza I, Italia. Wa pili DL, Ujerumani. Kuna ZS wa Afrika Kusini kwa nguvu +4. Nimepiga kelele hadi mama akauliza kama kuna nyoka.

FundiRuashi

Njo vile. Mita 40 za shaba ulikuwa unataka kutibu saa.

KigomaZiwani

Hongera Katuba. Sisi tuko ng'ambo ya ziwa kutoka Kalemie, ugonjwa ni huo huo. Asiye na intaneti kila siku afanye hivi: tazama safu ya DT (tofauti ya saa kwa sekunde) kwenye maneno yanayosimbuliwa. Kila kituo kina namba yake, 0.1, 0.3, 0.2. Hao wengi wao saa zao ni nzuri. Ukiona WOTE wako 1.4 au 1.5, basi hawajakosea dunia nzima, ni wewe: saa yako imetangulia kwa sekunde moja na nusu hivi. Wakiwa wote hasi, saa yako imechelewa. Chukua namba ya katikati, usichukue ya yule mmoja aliyepotea peke yake, kisha sogeza saa yako. Mimi nimekaa miezi nikipima saa kwa wageni tu.

DadaPolytech

Nzuri hiyo. Nyongeza ndogo: sauti ikipita SDR++ na VB-Cable inachelewa kidogo njiani, kwa hiyo hata saa ikiwa kamili DT inaweza kukaa 0.3 au 0.4. Usiifukuze hadi sifuri. Na ukijaribu kusimbua sauti ya WebSDR (redio unayoisikiliza mtandaoni) ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambayo ni njia nzuri ya kujua kama upande wa kompyuta ni mzima, ucheleweshaji wa intaneti unaweza kukuvusha kwenye mpaka. Hapo watu hulaumu programu bure.

Wenye Raspberry Pi nao waangalie. Ile 4 na za nyuma yake hazina saa yenye betri kabisa. Kuran ikirudi, inaamka kama mtu aliyezimia, haijui ni lini.

MzeeMors

Nimesoma uzi wote. Nauliza swali moja, vijana wasikasirike. Huyu mtoto amepiga kelele hadi mama yake akaogopa. Amesikia nini? Mashine ya Italia imeiambia mashine ya Katuba jina na mraba wa ramani. Hakuna habari ya mtu, hakuna mvua imenyesha, hakuna mtoto amezaliwa. Mimi nimeshika ufunguo wa Mors tangu nywele zikiwa nyeusi. Sikio langu lilimtoa mtu chini ya kelele, nikajua hata kama mkono wake umechoka. Hii yenu ni redio au ni daftari la mahudhurio?

FundiRuashi

Mzee shikamoo. Daftari la mahudhurio ni jina zuri, nitalitumia. Sikatai. Lakini antena ya ufunguo wako ilikuwa mita ngapi, na ilikaa uwanja gani? Sisi tuna dirisha na mwembe wa jirani.

DadaPolytech

Shikamoo mzee. Mimi naomba nijibu la sikio, maana ndilo lililonileta kwenye mambo haya.

Mnaona namba ya pili kwenye kila mstari, kwa mfano:

162915 -17 0.3 1204 ~ CQ K1ABC FN42

(Majina ni ya mfano.) Ya kwanza ni saa ya UTC (saa moja ya dunia nzima), 16:29 na sekunde 15. Kisha nguvu kwa desibeli, kisha DT, kisha mahali pa sauti kwa hezi, kisha ujumbe: fulani anaita yeyote, yuko mraba FN42. Watu wakiona -17 wanasema "amesikika chini ya kelele", wanadhani ni uchawi. Ni hesabu. Ile -17 inapimwa dhidi ya kelele yote iliyomo kwenye upana wa hezi 2500, karibu upana wa sauti ya mtu akisema. Lakini FT8 yenyewe inakaa kwenye hezi 50 tu. Kelele ya hezi 50 ni ndogo mara 50 kuliko ya hezi 2500, hiyo ni desibeli 17. Kwa hiyo huyo wa -17, ndani ya nyumba yake mwenyewe, analingana na kelele bega kwa bega. Tena ndani ya hizo hezi 50 anapiga toni moja tu kwa wakati, kati ya toni nane zilizoachana kwa hezi 6.25. Ukipima kwenye upana wa toni moja, kelele inashuka desibeli 26. Hata yule wa -21, ambaye ndiye mpaka wa kawaida, bado kwenye toni yake anasimama desibeli 5 juu ya kelele.

Kwa hiyo hakuna anayesikika chini ya kelele. Ametafuta tu chumba kidogo chenye kelele kidogo, akaingia humo na kusema polepole.

Sehemu ya pili ni marudio. Ujumbe mzima ni biti 77. Vinaongezwa biti 14 vya kuhakiki, halafu vingine vya kusahihisha hadi vinafika 174. Yaani zaidi ya nusu ya kinachorushwa ni akiba ya kuziba matundu. Radi ikipiga katikati ya ujumbe ikala sekunde nzima, kilichobaki kinatosha kurudisha kilicholiwa. Na mwanzo, katikati na mwisho kuna alama saba saba zisizobadilika ambazo programu inazitafuta kwanza, kama vile wewe mzee ulivyokuwa unatafuta mdundo wa mkono wa mtu kabla ya kusoma herufi.

Waliotengeneza ni Joe Taylor, K1JT, na Steve Franke, K9AN, mwaka 2017. Herufi F na T ni zao, 8 ni zile toni. Taylor si fundi wa mtaani: yeye na Russell Hulse walipata Nobel ya fizikia mwaka 1993 kwa nyota mbili zinazozungukana walizozigundua mwaka 1974 kwa darubini ya redio ya Arecibo. Mtu aliyezoea kutoa mdundo wa nyota ndani ya kelele, hakushindwa na waya wa Katuba.

MzeeMors

Umeeleza vizuri binti yangu, hata nimesoma mara mbili. Bado huyo wa Italia hajaniambia kama mvua imenyesha.

KigomaZiwani

Mzee, ipo JS8Call. Imetoka kwenye mbegu hiyo hiyo ya FT8 lakini unaandika maneno yako mwenyewe, polepole. Humo watu wanaambiana habari za mvua. Shida ni kwamba wako wachache, unaweza kukaa jioni nzima ukasoma mtu mmoja.

Katuba_KH38

Wakubwa, narudi na shida ya pili. Jana mchana nilikuwa nasoma 15 hadi 18 kwa mzunguko. Ikifika 18h30 maporomoko yote yanakuwa kama mtu ameyamwagia uji. Ukungu mpana unapanda na kushuka, unatembea polepole kulia kushoto. Ninabaki na wawili watatu wale wenye nguvu. Ikifika saa sita za usiku inatulia. Ni anga au ni mimi?

KigomaZiwani

Saa sita za usiku kwetu ni 00h00, na 18h30 ni saa 12 na nusu jioni. Andikeni UTC bandugu, hapa tuna Waswahili wa saa za jua na Waswahili wa saa za Kifaransa, tutapotezana.

MzeeMors

Hili ni langu, hili sikio bado linafaa.

Anga haliwashi taa saa 12 na nusu. Watu ndio wanawasha. Chukua redio ndogo ya betri yenye AM, iweke mahali pasipo na kituo, sauti juu. Kwanza kata kuran ya nyumba nzima pale kwenye disjonkta (swichi kuu), kompyuta ibaki...

Nimesahau, yako haina betri. Basi tumia redio peke yake. Kata, sikiliza. Kelele ikifa, ni kwako: rudisha chumba kimoja kimoja. Isipokufa, toka nje, tembea ukutani kwa jirani. Usimuulize mtu kama ana kitu kibaya, hakuna anayejua. Redio itakuambia.

Katuba_KH38

Ripoti.

Nimekata disjonkta, ndugu zangu wakalalamika maana kulikuwa na mechi. Kelele ilishuka kidogo tu, nusu hivi. Ya kwetu ilikuwa taa ya LED ya barazani, ile ya bei ya chini. Ukiisogelea na redio inanguruma kama nyuki. Nimeitoa.

Nusu nyingine ilikuwa kwa jirani mwenye mwembe. Nikatembea na redio ukutani kwake kama mwizi, mbwa akabweka, mama akatoka. Nikamweleza. Akauliza kitu kimoja: "Hiyo waya yako kwenye mti wangu inakula kuran yangu?" Nikamwambia hapana mama, inasikiliza tu. "Inasikiliza nani?" Nikasema watu wa Italia. Akanitazama muda.

Lakini aliniruhusu niingie. Ni kidhibiti cha sola, kile kisanduku kati ya paneli na betri, na taa mbili ndugu wa ile yetu. Taa nimemnunulia nyingine, nzito kidogo, zilizo kimya. Kidhibiti sikuweza kubadilisha, nimemzungushia nyaya zake kwenye vile vipete vyeusi vya feraiti nilivyotoa kwenye kebo za skrini za zamani, mizunguko sita sita. Jana jioni: 19 kwa mzunguko mmoja saa 16:45 UTC. Sijagusa antena.

FundiRuashi

Uzi huu ungeishia hapa ungetosha. Taa mbili kwa jirani, na hela ya mita 40 iko salama.

Lava_Goma

Salamu kutoka KI48, mraba wa Goma. Nimefurahi kukuta watu wa Kiswahili kwenye mambo haya, nilidhani niko peke yangu. Mimi kelele yangu ilikuwa ngumu kwa sababu nyingine. Vitabu vyote vinasema piga chuma ardhini uweke ethi. Nyumba yangu iko juu ya lava ya Januari 2002. Nimepiga chuma, kikarudi kimepinda kama ndoano ya samaki. Nikahamia pembeni, kikaingia sentimita kumi. Anayetaka kujua mawe ya Nyiragongo ni magumu kiasi gani aje apige ethi.

Nikaacha. Nimekata waya mbili, kila moja mita 5 na sentimita 6, dipole ya 14.074, ambayo haihitaji ardhi kama antena ya wima inavyohitaji. Kebo nimeizungusha kwenye pete kubwa ya feraiti pale inapoungana na waya, ili isilete kelele za nyumba juu. Ikawa safi. Siku hizi lakini nimeishusha, kwa hali ya mji sitaki kitu kinachoonekana juu ya bati. Nina duara la waya ndani ya veranda, napokea tu, na nasoma kumi kwa mzunguko nikiwa nimekaa na chai. Kwa kupokea, redio haidai mengi.

Bukavu_KI47

Jirani yangu wa Goma, karibu. Nami niseme neno la radi, maana Katuba mvua zinakuja kwenu karibuni. Sisi huku Kabare, juu ya Bukavu, tunahesabiwa kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, hatuhitaji kusoma, tunaona. FT8 inavumilia mlipuko wa radi wa mbali, kama dada alivyoeleza. Kijiti chako hakivumilii cha karibu. Ukisikia ngurumo, toa waya kwenye kijiti, toa kijiti kwenye kompyuta, na mwisho wa waya uutupe NJE ya dirisha, usiuache juu ya meza. Mimi nimepoteza vijiti viwili, cha pili kwa uvivu wa dakika tano.

Katuba_KH38

Aksanti mukubwa. Nimeandika ukutani.

Sasa msinicheke. Jana usiku nimesoma kituo cha Antaktika! -24, mara moja tu. Nimepiga picha ya skrini.

DadaPolytech

Nitumie mstari mzima, usiache kitu mwishoni.

Katuba_KH38

Mwishoni kuna alama ya kuuliza na a1.

DadaPolytech

Pole kaka. Ile alama ya kuuliza ndiyo programu inakuambia "sina hakika", na a1 maana yake imebashiri sehemu ya ujumbe, imejaribu kukisia kinachotarajiwa kisha ikaona kama kinakaa. Mara nyingi inapata. Mara nyingine kelele tupu inapita mtihani wa biti 14 kwa bahati, kwa sababu programu inajaribu mara nyingi sana kila sekunde 15. Dalili za uongo ni hizo: kituo cha ajabu, nguvu ya chini kabisa, kimetokea mara moja, hakuna anayekijibu, DT yake iko mbali na wenzake. Kituo cha kweli kinaita tena baada ya nusu dakika. Ngoja umuone mara mbili ndipo upige picha.

FundiRuashi

Na mimi nitubu dhambi yangu hapa ili watu wajifunze, maana nimemcheka mtoto kuhusu saa.

Mimi nina kibali na natuma. (Katuba, wewe kutuma usijaribu hadi upate kibali na jina la kituo, hata kwa wati moja. Kusikiliza kunatosha kukufundisha.) Mwaka fulani nilinunua kompyuta iliyotoka Kinshasa. Nikaona saa yake iko nyuma kwa saa moja, nikasogeza mishale kwa mkono ikalingana na ya Lubumbashi. Nzuri. FT8 ikasoma vizuri, nikazungumza na vituo vingi, DT zote safi. Miezi mitatu nikipakia kwenye LoTW (daftari la mtandaoni la kuthibitisha mawasiliano), hakuna anayenithibitisha. Nikasema Wazungu hawanipendi.

Kumbe mashine ilikuwa bado inaamini iko kwenye ukanda wa Kinshasa, UTC+1. Mimi niliipa saa ya Lubumbashi, ambayo ni UTC+2, bila kubadilisha ukanda. Kwa hiyo UTC yake ya ndani ilikuwa mbele kwa saa moja kamili. FT8 haijali, kwa sababu saa moja inagawanyika kwa sekunde 15 bila baki: mizunguko inaanza pale pale. Lakini daftari langu lote lilikuwa na saa ya uongo, na LoTW inakubali tofauti ya dakika 30 tu. Nchi moja yenye saa mbili, hiyo ndiyo ilinila. Nilikaa usiku mbili kurekebisha faili kwa kutoa saa moja moja.

Kwenye Windows chagua ukanda wa Harare na Pretoria, ndio wetu wa mashariki.

Lava_Goma

Nimekimbia kuangalia ya kwangu. Iko UTC+1. Sitasema kitu kingine.

KigomaZiwani

😂😂 Daftari la mahudhurio, mwalimu kafungua ukurasa wa kesho.

Katuba_KH38

Swali la mwisho kwa leo. Nikitaka kujaribu WSPR kwenye hiki kijiti? Nimeona inafika -30 huko.

DadaPolytech

Jaribu, lakini uwe mvumilivu. Ujumbe mmoja unachukua karibu dakika mbili na unabeba jina, mraba na nguvu ya kituo tu. Mzee atasema hata mahudhurio hayo ni mafupi. Toni zake zimeachana kwa hezi moja na nusu hivi, ndiyo sababu inashuka chini vile. Uchungu wake ni kwamba dirisha zima la WSPR lina upana wa hezi 200. Kijiti cha bei rahisi kinachokosea sehemu 50 kwa milioni, kwenye megahezi 14 kinakupeleka hezi 700 pembeni. Uko nje ya dirisha na hujui. V3 yako ina fuwele iliyotulia, kosa lake ni sehemu moja hivi, hezi 14, hamna neno. Iache tu ipate joto kwanza, dakika ishirini, na usiiweke karibu na feni au dirisha linalopigwa jua, isije ikateleza katikati ya ujumbe. Masafa ya dayo (yale unayoyaweka kwenye programu ya redio) 14.0956.

Katuba_KH38

Ripoti ya wiki, kwa wanaofuata.

WSPR: vituo saba usiku mmoja, cha chini kabisa -27. Nimekaa nikitazama dirisha dakika mbili mbili kama mtu anayengoja ugali uive, mama ameanza kuniombea.

FT8: jana saa 21:14 UTC nimesoma JA, Japani, -22. Hakuna alama ya kuuliza. Nikangoja. 21:14:30 akaita tena, -21. 21:15:00 tena. Mara tatu mzee, kwa waya wa mita 12!

Leo mchana mawingu yamepanda upande wa Likasi, ngurumo ya kwanza ya mwaka. Nimetoa waya, nimeutupa nje kama mukubwa wa Bukavu alivyosema.

FundiRuashi

DT ya Mjapani?

Katuba_KH38

0.2.

MzeeMors

Vizuri. Na mvua imenyesha?

Katuba_KH38

Imenyesha mzee, nusu saa, kubwa. Jirani amekuja mlangoni. Anasema embe zinaanza kukua, waya niusogeze tawi la pili, na zile zitakazoangushwa na waya si za watu wa Italia.

MzeeMors

Hiyo sasa ni habari.